Gharama ya bidhaa huzaliwa kwenye mchoro

Chukua vipimo viwili tu vya pampu ya mkono inayojulikana kama India Mark II. Silinda yake, ile sehemu inayozama majini na kubeba pistoni, ina kipenyo cha milimita 63.5. Bomba la chuma linalopandisha maji kutoka kwenye silinda hadi juu lina kipenyo cha milimita 32. Anayezisoma namba hizo akiwa mezani haoni tatizo: maji hupita vizuri kwenye bomba jembamba, na bomba jembamba huuzwa kwa bei nafuu kuliko pana. Tatizo hujitokeza siku mpira wa pistoni unapolika. Pistoni ni pana kuliko bomba, kwa hiyo haiwezi kuvutwa juu kupitia humo. Ili fundi abadilishe kipande cha mpira kisichojaza hata kiganja, lazima mabomba yote ya chuma yatolewe kisimani, moja baada ya jingine, kwa miguu mitatu ya vyuma, minyororo na watu kadhaa wenye nguvu, na vifaa vyote hivyo huja kwa gari kutoka wilayani. Mpira wenyewe kijiji kingeweza kuununua kwa mchango wa siku moja. Kinachosubiriwa ni gari, na gari linaweza kuchukua miezi.

Pampu hii si mbovu. Ilisanifiwa India katika miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF, ikachukua nafasi ya pampu za chuma cha kumimina zilizokuwa zikivunjika ovyo, na imewanywesha watu wengi mno. Lakini ugumu wa kuitengeneza haukuletwa na fundi mzembe wala na kamati ya maji iliyokula michango. Ulichorwa pamoja na pampu, siku kipenyo kimoja kilipofanywa kidogo kuliko kingine. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba sehemu kubwa ya gharama ya bidhaa, pamoja na sehemu kubwa ya manufaa anayoyapata mtumiaji, huamuliwa mapema, bidhaa ikiwa bado karatasi, na kwamba sisi Afrika Mashariki tumezoea kuanza kupambana na gharama wakati imeshakomaa. Tunalalamikia bei ya umeme, ushuru wa malighafi na riba ya benki, na malalamiko hayo ni ya haki. Ila bidhaa hukutana na bili ya umeme ikiwa tayari imebeba vipande ishirini ambavyo vingeweza kuwa kumi na viwili, skrubu za aina tano ambazo zingeweza kuwa moja, na bati nene mahali ambapo jembamba lingetosha. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi anayeijua kazi yake hangoji chungu kikauke ndipo aanze kuwaza mdomo wake uwe mpana kiasi gani.

Jibu la tatizo la mpira wa pistoni lilitafutwa karibu na kwetu. Umoja wa Mataifa uliutangaza muongo wa 1981 hadi 1990 kuwa wa maji safi na usafi wa mazingira, na katika kipindi hicho UNDP na Benki ya Dunia ziliendesha mradi wa kupima pampu za mkono, uliofuatilia pampu zipatazo 2,700 zikiwa kazini katika nchi 17. Kilichoonekana ni kwamba utunzaji ulioachwa mikononi mwa timu za mbali haukuwafikia wanakijiji kwa wakati, hata pampu iwe imara kiasi gani. Wasanifu wakabadilisha swali la kuanzia. Kabla ya kuuliza pampu itoe lita ngapi, waliuliza ni nani atakayeitengeneza, na atakuwa ameshika chombo gani mkononi. Kutokana na swali hilo ikazaliwa pampu ya Afridev. Msingi wake uliwekwa Malawi, kisha katika miaka ya 1980 ikajaribiwa na kurekebishwa kwenye visima vya Kwale, pwani ya Kenya, ambako shirika la KWAHO lilishirikiana na kamati za vijiji, na wanawake wenyewe wakafundishwa kuitunza.

Ifungue pampu hiyo uone jinsi swali lilivyogeuka kuwa chuma na plastiki. Bomba lake la kupandishia maji ni la plastiki, lenye kipenyo cha nje cha milimita 63, na silinda yake ina upana wa ndani wa milimita 50. Pistoni inapita. Mtunza pampu hufungua kichwa, huvuta fimbo juu, pistoni ikafuata, na mabomba yanabaki palepale kisimani. Hata valvu ya chini kabisa huvuliwa kupitia bomba hilohilo, kama mtu anayevua ndoo iliyodondokea kisimani. Kazi ya juu hufanywa kwa spana moja, namba 19. Beringi ni za plastiki, za kupachika kwa mkono. Pistoni na valvu ya chini zimeundwa kwa vipande vinavyofanana, ili kijiji kisilazimike kuweka akiba ya vipuri vya aina nyingi. Michoro yake ikaachwa wazi, kiwanda chochote kiweze kuitengeneza bila kulipia hataza.

Sasa tazama hesabu. Bomba pana ni ghali kuliko jembamba. Mnunuzi anayelinganisha bei ya mita moja kwa mita moja angesema wasanifu wa Afridev wamepoteza fedha. Walichofanya ni kuihamisha gharama kutoka mahali inapouma hadi mahali inapobebeka: lori, mafuta, posho ya mafundi wa wilaya na wiki za kusubiri vikageuka kuwa mpira mmoja na saa chache za mtu aliyeko palepale kijijini. Na faida iliyoongezeka haikuwa ya fedha peke yake. Kila siku ambayo pampu inafanya kazi ni siku ambayo mama hakubeba ndoo kutoka bwawani. Linganisha na kilichotokea wahandisi wa India walipoamua baadaye kuisahihisha pampu yao. Walitoa India Mark III yenye bomba pana, pistoni ikapita, lakini kwa kuwa waliendelea na bomba la chuma, bomba hilo likawa zito na ghali zaidi. Na Mark II zilizokwisha kuchimbiwa vijijini zilibaki na kasoro yake. Kosa ambalo lingefutwa kwa kifutio lilihitaji pampu mpya.

Viwanda vikubwa vililiona jambo hili zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Lawrence Miles wa kampuni ya General Electric ya Marekani alikuwa akihangaika na uhaba wa vifaa. Alipokikosa kifaa kilichoagizwa aliuliza kifaa hicho kinafanya kazi gani, na ni kitu gani kingine kinachoweza kuifanya kazi hiyo hiyo. Mara nyingi jibu lilikuwa kitu cha bei ndogo zaidi kisichopunguza ubora, na baada ya vita, kufikia 1947, swali lake lilikuwa limegeuka kuwa mbinu rasmi, uchambuzi wa thamani. Toyota nayo, tangu miaka ya 1960, iliipindua hesabu ambayo wafanyabiashara wengi wameizoea. Hesabu ya kawaida hujumlisha gharama, ikaongeza faida, ikapata bei. Toyota huanza na bei ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa, hutoa faida, na kinachobaki ndicho kiasi ambacho wahandisi wanaruhusiwa kutumia. Gari lisiloenea ndani ya kiasi hicho hurudi kwenye meza ya mchoraji, likiwa bado halijala tani hata moja ya chuma.

Katika vitabu vya uhandisi hurudiwa sana kwamba asilimia 70 au 80 ya gharama huamuliwa kwenye usanifu. Namba hiyo nisingependa msomaji aimeze bila kuitafuna. Karl Ulrich na Scott Pearson, watafiti wa Marekani, walifungua mashine 18 za kuchujia kahawa zilizokuwa zikifanya kazi ile ile, wakazichunguza kipande kwa kipande. Utafiti wao, uliochapishwa 1998, ulionyesha kwamba usanifu huleta tofauti kubwa ya gharama kati ya mashine moja na nyingine, lakini ustadi wa kiwanda nao huleta tofauti kubwa. Ndiyo maana nasema sehemu kubwa, sisemi yote. Kwetu hata hivyo hoja inapata uzito wa ziada. Kiwanda chenye mitambo ya kisasa na mafundi wengi kinaweza kufidia mchoro mbaya kwa ustadi wa uzalishaji. Karakana inayonunua bati kwa rejareja na kuazima mashine ya kuchomelea haina pa kufidia. Asiye na akiba ndiye anayehitaji zaidi kutokosea mwanzoni.

Kenya ina mfano wa kukumbukwa wa kazi iliyoanza bila swali la bei. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa polepole. Hawakumwangusha. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa, matano kwa idadi, na katika majaribio yalifika mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Kampuni ikaundwa ya kuyatengeneza kwa wingi, lakini fedha hazikupatikana na magari hayo hayakufika kwa wanunuzi. Sababu ni zaidi ya moja, na hakuna haki katika kuwabebesha lawama wahandisi waliofanya walichoombwa. Lakini litazame agizo lenyewe jinsi linavyokumbukwa. Limetaja sura na kuisamehe, limetaja mwendo na kuusamehe. Bei, ambayo soko halisamehi, haimo. Gari lililotembea lilijibu swali la kama Mkenya anaweza kuunda gari. Nani atalinunua, kwa shilingi ngapi, na kiwanda kitoe magari mangapi kwa mwaka ili mashine zake zijilipe, ni maswali yaliyostahili kuulizwa siku ileile ya kwanza. Kila mwaka maonyesho yetu ya Sabasaba na Nanenane hurudia kisa hicho kwa udogo: mashine ya kupura au ya kukamua mafuta inawashwa, inanguruma, mgeni rasmi anapiga makofi, na hakuna anayeuliza beringi yake inauzwa duka gani.

Atakuja mtu na pingamizi kwamba haya ni mambo ya Toyota. Fundi wa jua kali hana muda wala fedha za kukaa na michoro, anatakiwa auze leo ale leo. Pingamizi hilo lina ukweli wa maisha ndani yake, lakini jibu lake liko jikoni. Jiko la mkaa la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na ambalo Tanzania ilikuja kuwa na ndugu yake aitwaye Jiko Bora, lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Jiko hilo la Thailand lilikuwa na udongo mwingi, zito kubeba. Waliolileta hapa walilibana kiuno. Udongo ukakaa nusu ya juu tu, pale moto ulipo, ukishikiliwa na kiuno cha bati. Nusu ya chini ikabaki bati tupu la kupokea majivu. Kwa mkunjo huo mmoja jiko lilipungua uzito, likapungua udongo, na likaweza kugawanywa kazi: mfinyanzi anachoma kikombe cha udongo kwake, fundi wa Kamukunji, Nairobi, anakata na kukunja bati kwa mkasi na nyundo alivyonavyo tayari. Hakuna mashine mpya iliyohitajika. Mchoro uliwaheshimu mafundi hao, ukaanza na vyombo vyao. Kufikiri mapema hakuhitaji ofisi yenye kiyoyozi. Kunahitaji kujua nani ataunda, kwa chombo gani, na nani atanunua, na hayo fundi wa jua kali anayajua kuliko profesa.

Wengine watasema zama hizi ni za kuanza haraka na kujifunza njiani, na watataja M-Pesa. Ni kweli kwamba huduma hiyo haikuzinduliwa jinsi ilivyofikiriwa mwanzo. Wazo la awali lilikuwa kuwarahisishia wakopaji wa taasisi ndogo za fedha kulipa marejesho ya mikopo. Lakini mabadiliko yalitokea wapi? Yalitokea kwenye majaribio yaliyoanza mwaka 2005 kwa wateja mia chache tu, ambapo wasanifu waliona watu wanakitumia chombo hicho kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ikapunguzwa, ikabaki na wazo moja jepesi la kutuma fedha nyumbani, na ikazinduliwa kwa umma Machi 2007. Kujifunza huko kulifanyika udongo ungali maji. Kama kungesubiri mawakala maelfu na matangazo ya nchi nzima, kubadilisha njia kungegharimu mara nyingi zaidi. Jaribio dogo ni aina nyingine ya kuchora, na ndiyo aina bora kuliko zote, mradi lifanyike kabla ya kalibu kumiminwa na kabla ya makontena kuagizwa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwenye pampu zenyewe. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikadiria kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono katika nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi, na Afridev zimo miongoni mwake. Kama mchoro ndio kila kitu, mbona pampu iliyochorwa vizuri nayo imekauka? Nakubali pigo hilo, na linanifundisha kupanua maana ya mchoro. Mpira wa pistoni unaobadilishwa kwa spana moja hausaidii kijiji ambacho duka la karibu haliuzi mpira. Pampu iliyotolewa bure na mfadhili aliyekwisha kuondoka haina mtu aliyewahi kuhesabu nani atanunua vipuri mwaka wa tano. Mabomba ya plastiki duni, yaliyonunuliwa kwa sababu zabuni ilitaka ya bei ya chini, hupasuka hata kama vipimo vyake ni sahihi. Katika kila kisa, kilichokosekana ni kile kile wasanifu wa Kwale walichoanza nacho: kuuliza mapema. Duka la vipuri ni sehemu ya pampu. Njia ya kipuri kutoka kiwandani hadi kijijini inapaswa kuchorwa pamoja na valvu, na asiyeichora amechora nusu.

Inanipasa pia kuwajibu wanaohofia kwamba kubana gharama mapema kutatujazia vitu hafifu. Hofu hiyo huchanganya urahisi wa bei na thamani. Bomba la Afridev lilikuwa pana na ghali kwa makusudi. Jiko lilipunguziwa udongo mahali ambapo haukuwa na kazi, likaachiwa udongo wake pale moto unapowaka. Anayeuliza kila kipande kina kazi gani ataondoa kisicho na kazi, na mara nyingine ataongeza fedha kwenye kile chenye kazi kubwa. Uhafifu hutoka kwa anayepunguza mwishoni, akiwa amebanwa, kwa kukata bati jembamba kila mahali kwa sababu fedha zimeisha. Huyo hana tena cha kuchagua.

Ikiwa hoja hii ina uzito, basi kuna desturi za kubadilisha, na hazihitaji fedha nyingi. Taasisi zetu za teknolojia, KIRDI ya Nairobi, TEMDO na CAMARTEC za Arusha na nyinginezo, ziwakalishe meza moja, siku ya mchoro wa kwanza, mhandisi, mnunuzi wa malighafi na fundi wa matengenezo. Majaji wa mashindano ya ubunifu waache kutoa zawadi kwa mashine inayonguruma pekee. Wadai karatasi ya gharama na orodha ya vipuri vinavyopatikana nchini. Wafadhili na mifuko ya mikopo watoe fungu dogo la kubuni na kujaribu kabla ya fungu kubwa la kutengeneza, na wasimwone mbunifu aliyesimamisha wazo baya mapema kuwa amepoteza fedha zao, kwa maana ameziokoa. Serikali nazo zisome vizuri sheria zao za ununuzi. Ya Kenya ya mwaka 2015 inazungumzia zabuni yenye bei ya chini zaidi iliyotathminiwa, na neno hilo la mwisho lina nafasi ya kutosha kuingiza mafuta, vipuri na matengenezo ya miaka kumi, kama anayetathmini atataka.

Na kwako fundi, mbunifu au mwanafunzi wa chuo cha ufundi unayesoma haya ukiwa na wazo mkononi: kabla ya kukata bati la kwanza, andika mambo matatu pembeni mwa mchoro wako. Andika bei ambayo mnunuzi wako ataweza kulipa, gharama ya kukitunza kitu hicho kwa miaka kumi, na nani atakayekitengeneza kikiharibika, na kwa spana gani. Kama mojawapo hulijui, bati lisubiri.